Jasho Nililolifurahia

Nilianza kutoka jasho bila kukimbia, nikafurahi.

Naanza na furaha hiyo kwa sababu ndiyo iliyokaribia kuniua. Najua pia kwamba kuna mtu mahali fulani ameamka leo na shuka lililolowa, akajipa sababu ya kutuliza moyo. Sababu yake huenda si kama yangu. Yangu ilikuwa mieleka.

Mwanamieleka anaishi kwa mizani. Unapigana na watu wa uzito wako, na kabla ya kupigana lazima upimwe. Wengi wetu tuna miili mizito kuliko ile tunayoipeleka kwenye mizani, kwa hiyo siku za mwisho tunakata uzito. Ndivyo tunavyosema. Unaacha chakula, unaacha maji, unavaa suruali na koti la nailoni unakimbia juani, na kilo ya mwisho ikigoma unakaa na kopo unatema mate hadi ulimi unakuwa kama gome la mti. Mimi nilipigana katika kilo hamsini na tatu, na kila mashindano niliulipia uzito huo kwa namna hiyo. Kisha mwaka ule, katika kiangazi cha katikati ya mwaka, kilo zikaanza kuondoka zenyewe. Nilikuwa nalala, naamka nimelowa kama mtu aliyetolewa ziwani, napanda kwenye mizani nakuta nimepungua tena. Nikajiambia: hatimaye mwili umetii.

Naitwa Rehema. Nimekulia katika kambi ya polisi Naguru, Kampala. Baba ni sajenti, Mwislamu kutoka Arua. Mama ni Mkatoliki kutoka Gulu. Lugha iliyowaozesha ni Kiswahili cha kambini, kile ambacho Waganda hukicheka na Wakenya hukitegea sikio mara mbili. Hiki ninachoandikia nilijifunza mwenyewe kwa kusoma, kama nilivyojifunza karibu kila kitu. Hata mieleka nilijifunza kwenye simu. Nilitazama video moja mara nyingi mpaka nikajua kidole cha mguu kimeelekea wapi, halafu nikambwaga kaka yangu juu ya magodoro mpaka naye akahama chumba. Kocha Mugisha aliponipata nilikuwa tayari na makosa yangu mwenyewe, na nilikuwa nayapenda.

Nilifika Olimpiki. Watu wakisikia hivyo huuliza medali iko wapi. Nilipigana mara moja tu. Hofu ilinifanya nishambulie kabla hata sijaitazama miguu ya yule mwanamke. Akanizungusha, mabega yangu yote mawili yakagusa mkeka, mwamuzi akapiga kofi chini, basi. Mama alikuwa ameingia jikoni kutafuta chumvi. Aliporudi mbele ya televisheni nilikuwa nimeshatoka. Tangu siku hiyo nilikuwa na haja moja duniani: kurudi pale, nipigane kama mtu. Mchujo wa Afrika ulikuwa umepangwa mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Kila nilichokula na kila nilichokataa kula kilikuwa cha mchujo huo.

Mama ndiye aliyeanza.

"Rehema, wewe nakonda kila siku. Shingo yako iko kama ya kuku."

"Ni mazoezi, Mama."

"Mazoezi gani nakohoa?"

Nilisema ni vumbi. Naguru wakati wa kiangazi ina vumbi la kutosha kulaumiwa kwa jambo lolote. Baba alisema niachwe, askari hakondi, anakauka. Tukaishi na vumbi letu hadi Mama aliponishika mkono mwenyewe, akanipeleka kliniki ya mtaa wa pili, akaniketisha kwenye benchi na kukaa upande wa mlango nisitoroke.

Muuguzi pale ni Sista Agnes, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alinipa kopo dogo la plastiki lenye mfuniko, akasema nikakohoe nyuma ya jengo, palipo hewa, nimletee. Basi, mimi kopo nalijua. Hakuna mtu katika foleni ile aliyejua kutema mate kunizidi. Nilifikiria limau, kama tunavyofanya siku ya kupima, nikalijaza hadi kwenye mstari: mate safi, meupe, bila hata povu. Nilifuta mdomo wa kopo kwa leso ili lisinate. Nakumbuka nililikabidhi kwa fahari, kama mtoto aliyepiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula.

Majibu yalirudi safi. Nilimwonyesha Mama karatasi kama cheti, kisha nikarudi mazoezini.

Usinicheke sana. Nilipewa ruhusa na karatasi, na niliitaka ruhusa hiyo kuliko nilivyoutaka ukweli. Nilifanya mazoezi hivyo mvua zote za kwanza za Septemba, na kikohozi changu nikakipangia nafasi: nakohoa chooni, nakohoa pikipiki ya boda ikipiga honi, nakohoa watu wakicheka. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Nakato, Mganda wa Kabalagala, mzito kunishinda, mwenye mikono kama milango. Siku moja alinikumbatia kiunoni ili aninyanyue, kisha akaniachia taratibu, akarudi nyuma.

"Lehema," akasema. Jina langu halijawahi kuanza na R mdomoni mwake. "Bambi, maskini, mimi nashika nini hapa? Nashika mwavuli?"

"Nyanyua, acha maneno."

"Hapana. Mbavu yako nalia. Nimesikia. Inalia kama ndege."

Nilimtukana. Nikamfuata, nikamshika mguu ili nimwangushe, na pale pale kikohozi ambacho sikukipangia nafasi kikatoka. Mkeka wetu ni wa manjano. Doa lilikuwa dogo kama sarafu, na lilikuwa jekundu. Kocha Mugisha alivua fulana yake akalifunika, sijui kwa nini, labda alidhani nisipoliona halitakuwepo. Nakato ndiye aliyeita boda.

Sista Agnes alinikumbuka. Alinipa kopo jingine, na safari hii akatoka nami nyuma ya jengo. Nilipoanza kukusanya mate alinipiga begani.

"Wewe! Nani amekuambia unitemee mate? Mate nataka ya nini, mimi napika nayo? Nataka makohozi. Toka ndani, huku." Akanigonga mgongoni, chini ya bega. "Vuta pumzi. Shika. Tena. Sasa leta yule mnyama."

Mnyama alikuja. Alikuwa mzito, wa rangi ya majani makavu, na mwenye uzi wa damu. Nililitazama kopo hilo chafu na nikaona aibu kulikabidhi. Ndilo lililosema kweli. Kifua kikuu.

Kama unaanza dawa wiki hii, nitakuambia yale niliyotamani niambiwe. Mkojo utakuwa wa rangi ya soda ya machungwa. Usipige kelele, mimi nilipiga. Wanamieleka husoma mkojo wao kama wakulima wanavyosoma mawingu, kwa hiyo nilidhani nimekauka na nikanywa maji mpaka nikatapika. Viungo vitauma, hasa magoti na vidole, utashuka ngazi kama bibi. Chakula kitanuka chuma. Na jasho la usiku halitaondoka siku ya kwanza, wala wiki ya kwanza. Mashuka mawili yalikaa kwenye kamba kila asubuhi, na kambini kamba ya nguo ni gazeti.

Walipima watu wote wa nyumbani na wote wa mkekani. Siku za kungoja majibu yao ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote. Nilipiga hesabu ya kila niliyemkumbatia shingo, nikaona kwamba mchezo wangu wote ni kumpumulia mtu usoni. Walitoka salama, Nakato pia. Alinipigia simu, akasema, "Mwavuli, mimi niko mzima. Sasa meza dawa yako, mimi nakosa mtu wa kuangusha," akakata kabla sijalia.

Nyumbani kulikuwa na kikombe. Baba aliniwekea kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu kwenye dirisha, mbali na vya wengine, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Mama alivirudisha kabatini. Baba akavitoa. Waligombana kwa vyombo wiki nzima.

"Huyu ni mtoto, hapana mfungwa!"

"Mimi najua tibii. Wewe hapana jua."

Alijua kweli. Mdogo wake alikufa nayo katika kambi moja ya kaskazini, wakiwa wanalala chumba kimoja, na Baba ndiye aliyembeba kumtoa. Hajawahi kutusimulia, Mama aliniambia wakati akinipaka mafuta magotini. Ilinibidi nikubali kwamba mtu anaweza kukupenda na kukuogopa kwa wakati mmoja, na kwamba siku nyingine woga ndio unaofika kwanza mezani.

Kliniki ilitaka mtu wa kunishuhudia nikimeza kila siku. Baba akajitolea. Kila asubuhi, kabla hajavaa kofia, nilitolewa nje ya mlango.

"Mguu sawa! Mkono mbele! Meza!"

"Nimemeza, afande."

"Fungua mdomo. Ulimi juu. Kushoto. Kulia. Legea."

Watoto wa majirani walikuja kutazama. Mwanzoni niliona haya. Baadaye, asubuhi ambazo tumbo lilikataa kabisa, ile "mguu sawa" ndiyo iliyonisimamisha.

Wiki za kwanza dawa zilichukuliwa kliniki kila Jumatatu, kwenye benchi la nje, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Hapo ndipo nilipomkuta Mutua. Ni Mkamba wa Machakos, mrefu, aliyekuja Kampala kufanya biashara na kuishia kuwauzia magamboti, yale mabuti ya mpira, wachuuzi wa samaki kwenye mwalo wa Ggaba, ufukoni mwa ziwa. Alikuja kliniki hii ya mbali ili asionwe na wa kwao. Aliposikia mimi ni nani, aliinuka akapiga saluti.

"Bingwa! Kumbe tibii pia inashika watu wa maana."

"Sikushinda hata pambano moja."

"Na mimi sijawahi kuuza hata gamboti moja ambayo haijavuja. Kaa hapa, tupumue polepole."

Alinifundisha kumeza vidonge kwa uji mzito badala ya maji. Alizipa dawa majina ya machifu wa kwao. Mvua iliponyesha juu ya mabati na hakuna aliyeweza kusikia jina lake likiitwa, Mutua aliitika majina yote. Sikumwambia, lakini kuna Jumatatu nilizotoka kitandani kwa ajili ya benchi tu.

Novemba nsenene wakaja, wale panzi wa msimu ambao mji mzima huwangoja. Mama aliwakaanga na vitunguu, na kwa mara ya kwanza tangu dawa zianze harufu ya chakula ikawa harufu ya chakula. Nilikula sahani nzima nimeketi kizingitini. Baba alirudi kutoka zamu, akaketi kando yangu, akawa anazungumza habari za mkubwa wake mpya, na mkono wake ukawa unaingia kwenye sahani yangu, ukitoka, ukiingia. Hakujua anachofanya. Mama alisimama nyuma yetu na mwiko mkononi.

Kikombe kilirudi kabatini.

Lakini mimi ni mimi. Mwili uliporudi, nilianza kuuchukia kwa kurudi. Sista Agnes alinipima akapiga makofi, "Umeongeza! Umeongeza!" Nami nililia njia nzima hadi nyumbani kwa ajili ya zile zile kilo alizozishangilia. Nilikuwa nimevuka hamsini na tatu, nikazidi kupanda, na mchujo ulikuwa unakuja.

Januari, jua kali, Kocha Mugisha alikuja kambini na suti ya nailoni ndani ya mfuko. Si mtu mbaya. Amewafundisha watu kwa mkeka mmoja na ahadi nyingi, na katika uzito ule hakuwa na mwanamke mwingine wa kupeleka.

"Wamesema huambukizi tena?"

"Ndiyo."

"Basi. Wiki mbili unakata, unapimwa, unakula, unapigana. Ukikosa huu, mwingine ni miaka minne. Utakuwa wapi?"

"Dawa nazimeza na chakula, Kocha."

"Wiki mbili tu, Rehe. Dawa itakungoja. Mchujo hautakungoja."

Baada ya yeye kuondoka sikumwambia mtu. Asubuhi ya pili nilisimama mlangoni, nikameza mbele ya Baba, nikafungua mdomo, kushoto, kulia, bila chochote tumboni. Baba alipoondoka nilitapika nyuma ya choo. Nilivitazama vile vidonge vyekundu kwenye vumbi, nikavifukia kwa kisigino, nikavaa nailoni, nikaanza kukimbia.

Njia yangu ya kukata uzito ilikuwa tangu zamani Naguru hadi Ggaba. Nilikimbia nilipoweza. Kabalagala walikuwa wanafagia mbele ya mabaa, na mwanamke mmoja akaniita, "Wee nnyabo, nakimbia nani? Mwanaume amekuacha?" Nilitaka kumjibu, pumzi ikakosekana. Kuanzia hapo nilitembea. Upande mmoja wa kifua ulikuwa unavuta hewa na upande mwingine ulikuwa unasikiliza tu.

Kulipoanza kunuka samaki nikamkumbuka Mutua. Tangu Desemba sikuwa nimemwona. Dawa zilikuwa zinatolewa za mwezi mzima sasa, nikawa nimejiambia tumepishana tu. Niliuliza muuza magamboti. Mchuuzi wa mukene, wale dagaa wa ziwani, akanionyesha kibanda kwa kidevu, kisha akasogeza ndoo yake mbali kidogo na njia. Hapo nikajua.

Alikuwa amelala juu ya magunia nyuma ya kibanda. Sikumtambua kwa uso, nilimtambua kwa urefu.

"Bingwa," akasema. "Umekuja kununua?"

"Umeacha dawa."

"Nilipona bana. Nguvu ilirudi, nikabeba mzigo kama zamani. Halafu hapa wakaona vidonge, wakaanza kununua kwa yule jamaa wa pili. Nikaona, kwani nameza za nini na nimepona?"

"Huu ndio kupona?"

"Ni vumbi."

"Mutua, inuka twende kliniki."

"Wataniambia nianze upya. Siwezi kuanza upya." Akakohoa, akaficha kiganja. Halafu akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, nailoni inametameta, maji yananitoka kidevuni. "Na wewe? Hiyo umevaa ndiyo dawa?"

Nilisimama pale nikitafuta jibu zuri, kama kawaida yangu, jibu lisilo na kosa, na nikasikia kila neno nililoandaa lilikuwa limeshatoka mdomoni mwake. Nguvu imerudi. Kidogo tu. Siwezi kuanza upya.

Nikavua koti la nailoni, nikalitupa juu ya magamboti.

"Inuka."

"Kwani we ni askari?"

"Mtoto wa askari. Inuka au nakubeba."

"Mimi? Mwanaume mzima? Utanibeba na nini?"

Kuna mtupo tunaouita wa zimamoto. Unapiga goti, unaingia chini ya kwapa, mkono mmoja unapita katikati ya mapaja, unasimama na mtu mabegani kama gunia. Nimeufanya mara nyingi sana maishani, na kila mara mwishoni unamtupa mtu. Nilimfunika mdomo kwa leso yangu, nikafunga wangu kwa fulana, nikaingia chini.

Alipanda bila kazi yoyote. Mtu mrefu hivyo. Mabega ya mwanamieleka hayahitaji mizani, na mabega yangu yaliniambia mara moja: huyu yuko chini ya hamsini na tatu. Alikuwa amekata kuliko nilivyowahi kukata mimi.

Tulipita katikati ya soko la samaki. Watu walisimama. "Maama! Huyo mwanamke nabeba nani?" Mmoja akadhani ni mwizi, akaleta fimbo. Mutua, kichwa chini, alikuwa anawaambia kwa sauti ndogo, "Pisheni bingwa. Huyu ni Olimpiki. Pisheni." Nilihesabu pumzi badala ya hatua, nikasimama mara mbili kukohoa, lakini sikumshusha hadi kwenye boda.

Sista Agnes alimpokea bila kumgombeza. Kweli alianza upya, na wakati huu ni safari ndefu kuliko ya kwanza. Mimi nilimwambia kuhusu vidonge nilivyovifukia. Alinipa vingine na andazi, akanitazama nikila. Kisha nikatoka nje, nikampigia Kocha.

"Sikati," nikasema.

"Rehe."

"Sikati, Kocha. Namaliza."

Nikasikia redio yake. Halafu akakata simu. Nafasi ya uzito wangu haikuwa na mtu kutoka Uganda katika mchujo ule. Nilitazama mapambano kwenye simu, kitandani, hadi mwisho. Ndiyo, niliumia. Nisikudanganye kwamba uamuzi sahihi haumi.

Nilimeza kidonge cha mwisho mvua za Machi zilipoanza. Baba alisema "Legea," kisha akasimama tu hapo, hajui mikono aiweke wapi. Kipimo kilikuwa safi, cha makohozi, si cha mate. Daktari alisema pafu moja lina kovu na pumzi yangu haitakuwa ile ya zamani, na kwamba niichukulie kama mguu mfupi: unatembea nao. Mutua bado yuko kwenye benchi. Jumatatu nikipata nafasi huketi naye, na anaitika majina yote.

Kama wewe unamngoja Sista akuite, sina siri ya kukupa. Kohoa kutoka ndani. Kula. Ukijisikia umepona, meza. Ukikuta mwenzako haonekani benchini, usijiambie mmepishana.

Nimerudi mkekani wiki tatu sasa, katika uzito wa juu, ule ambao mwili wangu unaufikia wenyewe. Kocha alinipokea kwa kunipa ufagio, nifagie ukumbi. Ndivyo anavyosamehe na ndivyo anavyoomba msamaha. Wanawake wa uzito huu wana nguvu na mimi ni mdogo kati yao. Jana Nakato alinishika kiunoni, akanipima kidogo mikononi, akasema, "Eh. Leo iko mtu," kisha akanibwaga hadi nikaona mabati ya ukumbi mara mbili.

Nililala pale nikivuta hewa. Ilichukua muda kufika. Kocha alisogea, akainama juu yangu.

"Unaamka, au niite boda?"

Niliinua mkono mmoja angoje. Hewa ikafika. Nikapiga goti, nikasimama, nikamtazama Nakato miguuni kwanza.

"Tena," nikasema.